Ndoo Niliyoiita Shangazi

Ilikuwa ndoo ya plastiki ya bluu, ya lita 20, kama zile zinazopangwa nje ya kila duka la Mwanza. Kwa mbali huwezi kuishuku. Ukiisogelea na kuitazama kwa jicho la mchuuzi ungeona ina kitumbo, imevimba katikati kama mtu aliyeshiba ugali. Tulikuwa tunazitanua wenyewe. Unamimina maji yaliyochemka mpaka plastiki inalegea, unayamwaga upesi, unaijaza mchanga wa moto na kuushindilia kwa mchi, kisha unaiacha ipoe na umbo lake jipya. Ikitoka hapo haipokei tena lita 20, inapokea 23. Mimi ya kwangu niliita Shangazi, maana kila nilipotoka nayo ilirudi na kitu cha ziada.

Shangazi alinilisha miaka minne. Na katika miaka hiyo hiyo minne nilikuwa nikisimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba anayenilisha ni Mungu.

Nafanya biashara ya dagaa. Nanunua visiwani, upande wa Ukerewe, nauza soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, ambako wanunuzi wanakuja hadi kutoka Kongo. Kwa asiyejua kazi hii: dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga na nyavu zinawazoa. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi, mitumbwi inalala mchangani na watu wanashona nyavu. Ndiyo maana sisi wa dagaa tunahesabu maisha kwa giza. Utasikia mtu anasema, nilimkopesha giza lililopita, nitamdai giza lijalo. Asubuhi dagaa wanaanikwa mchangani au kwenye chanja, jua likiwa zuri wanakauka siku ile ile, na wakishakauka mnunuzi anafika na ndoo yake. Hapo kwenye ndoo *yake* ndipo palipo na maneno yote.

Safari yangu ya kwanza, mwishoni mwa 2011, nilikwenda na ndoo ya kawaida na nikapata hasara. Nilipotoa nauli ya boti, ushuru, magunia na wapakiaji, nikaona nimefanya kazi ya bure. Mama mmoja mkongwe wa Mwaloni akanicheka. "Mwanangu, kule kila mtu na ndoo yake." Akanifundisha kuchemsha maji. Somo zima halikufika nusu saa. Sikumbuki kama dhamiri ilinisumbua siku hiyo. Kama ilinisumbua basi ilikuwa kama mbu, unapunga mkono, unaendelea na kazi. Tangu hapo nikilipia ndoo 40 nilikuwa napanda boti na mzigo wa 46. Zile 6 ndizo zilizokuwa faida yangu. Zilizobaki zilikuwa za kulipa watu.

Kanisani nilikuwa mtu. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, nilikuwa mhazini wa umoja wa wanawake, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Hela ya umoja sikuwahi kuigusa hata shilingi, na ningemshangaa sana mtu ambaye angeigusa. Bahasha yangu ya ahadi ilikuwa haikosi. Fungu la kumi nilikuwa natoa kamili, la faida yote, pamoja na ile ya Shangazi, na nikiitumbukiza sadaka nilijisikia vizuri kabisa. Nikitazama nyuma naona nilikuwa namkatia Mungu mgao wake, kama unavyomkatia mtu aliyekuonesha dili.

Mwezi wa tisa 2015 nilikuwa kisiwani kwa mzee mmoja wa Kijita ambaye nilikuwa nikinunua kwake kila giza. Nikakuta mjukuu wake ana homa siku ya nne, amelazwa kwenye mkeka mlangoni mwa kibanda. Mzee akaniambia, "Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Mwombee kwanza huyu, biashara itangoja." Nikapiga magoti. Mkono wa kulia nikauweka kwenye kipaji cha uso cha mtoto, kilikuwa kinaunguza. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye mdomo wa ndoo. Sikuiachia, kwa sababu pale mchangani palikuwa na watu na sikutaka mtu aisogelee.

Niliomba vizuri. Nina kipaji cha kuomba, watu wananiambia. Tukasema amina, mzee akafuta macho, akasema, "Pima mwenyewe, mama. Mimi nakaa na mtoto. Wewe sina haja ya kukuhesabia."

Nikapima ndoo 8. Na Shangazi.

Ningependa kuandika kwamba niliacha siku ile. Hapana. Nilikwenda tena giza la mwezi wa kumi, na la mwezi wa kumi na moja, kwa mialo mingine, yaani fukwe nyingine za kutulia mitumbwi, ili nisikutane na yule mzee, na Shangazi alikuwa nami safari zote mbili. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nakwepa kuombwa maombi.

Desemba, Bibi mzaa mama alikuja Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Alikuja kwa basi kutoka Bukoba na kuvuka Busisi kwa kivuko, akinung'unika njia nzima. Angekuwa na la kufanya asingevuka maji yoyote, maana tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996 alikuwa hataki kusikia habari ya meli. Akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, likafungwa bandeji, akakaa kwangu wiki tatu.

Maji yalikuwa yamekatika mtaani kwetu, kwa hiyo kila chombo cha nyumbani kilikuwa kimekingiwa maji, Shangazi akiwemo. Jioni moja Bibi akataka kuoga na hakutaka kusubiri mtu. Mshikio wa Shangazi ulikuwa umeng'oka zamani, basi akaamua kuyahamishia maji kwenye ndoo nyingine yenye mshikio. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mboga. Nikasikia maji yanamwagika sakafuni. Nikatoka mbio nikidhani ameteleza, nikamkuta ameinama, ndoo ya pili imejaa hadi ukingoni, na Shangazi bado ana maji ndani.

Bibi akainuka taratibu. Akatazama ndoo moja, akatazama nyingine, kwa lile jicho moja. Akasema, "Hizi ndoo hazikuzaliwa pamoja."

Akapitisha kiganja kwenye kitumbo cha Shangazi, polepole, kama mkunga. Bibi yangu alikulia kwenye kahawa, na watu wa kahawa wanajua mambo ya vipimo. "Unapimia nini hii?"

"Dagaa, Bibi."

"Unauzia au unanunulia?"

Kama ningekuwa na akili ningesema nauzia, ningepata sifa ya ukarimu. Nikasema nanunulia. Akanyamaza. Kisha akaniambia nimbebee maji yake bafuni, na yale yaliyobaki nisiyamwage, nipigie deki.

Inabidi nieleze Bibi alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mlokole wa zamani, wa ule uamsho wenyewe wa Afrika Mashariki. Wasomaji wa Kagera, Uganda na Rwanda wanajua ninachozungumzia. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa chini wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, ukashuka hadi Bukoba. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, alitoka kwenye uamsho huo huo. Ndugu hawa walikuwa na tabia mbili zilizowachosha majirani zao. Ya kwanza, wakikutana popote, njiani, sokoni, msibani, wanapokezana ubeti wao wa Kiganda na kukumbatiana. Ya pili ni kutengeneza. Ukitubu wizi, unarudisha kitu. Watu walibeba majembe, nguo na fedha za serikali wakazirudisha mchana kweupe kwa wenyewe, na wengine walipokelewa kama wendawazimu.

Baada ya chakula usiku ule Bibi alinisimulia habari ya baba yake, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Ujanani mwake baba huyo aliiba jembe la jirani. Alipookoka, jembe lilikuwa limelika kwa kulimia, limebaki kama kijiko, na jirani alikuwa amekufa. Akanunua jembe jipya, akayabeba yote mawili begani, akapita njia kuu kwa makusudi, akaenda kwa mjane. Mjane akauliza, hili la pili la nini? Akasema, hili ni lenu, na hili ni miaka mliyolima bila jembe.

Hakuniambia neno hata moja juu ya ndoo yangu. Akaomba maombi mafupi akaenda kulala.

Nikamfuata mchungaji wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo namshukuru. Alisema tumehesabiwa haki bure kwa imani, deni lililipwa msalabani, choma ile ndoo uendelee mbele, hao wavuvi wote utawapatia wapi? Alikuwa sahihi, na nilitoka pale bila utulivu wowote. Nilipomweleza Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Akasema, "Neema ilimkuta Zakayo juu ya mti, hata hajashuka. Lakini aliposhuka alianza kutaja hesabu."

Usiku huo nilijaribu kuomba nikashindwa. Nilianza, Bwana ndiye mchungaji wangu, nikakwama hapo hapo. Mchungaji wangu alikuwa bafuni, wa bluu, hana mshikio, na nilikuwa namjua vizuri. Ilinijia wazi kwamba sikuwa naogopa aibu. Aibu ningeivumilia. Nilikuwa naogopa njaa. Miaka yote nilikuwa nimekiri kwamba namtegemea Mungu, na kwa kweli sikuwahi kumtegemea hata Jumatatu moja, kwa sababu sikuwahi kuwa na Jumatatu isiyo na Shangazi. Nilimpa Mungu sauti yangu, Jumapili zangu, fungu la kumi la mapato yangu. Tumbo langu nilimkabidhi mwingine.

Nikamwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa mashine za boti, kanisani anakwenda Pasaka na Krismasi, na mara moja moja nikigomba. Alisikiliza, akajikuna kichwa, akauliza, "Sasa tutakula zaburi?" Wako watakaomwona mbaya. Mimi naona aliuliza swali langu kwa sauti.

Tulipiga hesabu mezani kwa kalamu. Bila zile ndoo 6 za juu, na kama bei haitapanda, kila safari ingebakiza kiasi cha kununua unga na mafuta, basi. Ada ya mtoto wetu wa kwanza aliyekuwa shule ya bweni ya binafsi haikuwemo. Marejesho ya mkopo wa kikundi yalikuwemo nusu. Na hapo sijataja kurudisha. Nililala saa ngapi sijui.

Januari 2016 nikapanda boti na ndoo mpya tatu zenye alama ya kiwandani, na Shangazi nikamfunga kwenye kanga. Sikupanga hotuba. Nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee, na wa kwanza kunipokea alikuwa mjukuu wake, mbio, mzima, akaninyang'anya mzigo kichwani. Mzee akawaita majirani. "Huyu ndiye mama niliyewaambia. Aliomba hapa, homa ikashuka usiku ule ule." Kumbe alikuwa ameeneza habari kisiwa kizima.

Hilo jambo nimelibeba miaka yote hii na bado sijui niliweke wapi. Niliomba mkono mmoja ukiwa kwenye wizi, na mtoto akapona. Kama ni Mungu aliyemponya, na mimi naamini ni yeye, basi hakusubiri niachie ndoo.

Nilisubiri watu waondoke. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikafungua kanga, nikamwonesha. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ndoo 8 za siku ya maombi. Mzee alikuwa akibandua gamba la samaki lililokauka mkononi mwake. Hakuinua macho.

"Mama, ile ndoo tunaijua. Watoto wa hapa mwaloni wanaiita Tumbo."

Nikahisi damu inapanda usoni. "Sasa mbona siku ile ulisema huna haja ya kunihesabia?"

"Ulikuwa umetoka kumwombea mtoto. Nilijua siku ile hutaitumia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya dhambi maishani mwangu. Hakuna lililonifikia kama hilo.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mtu alikuwa akijaribu kuwasha mashine ya boti upande wa pili wa mwalo, inakohoa, inazima. Halafu mzee akatazama ziwa na kusema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilikuwa natia mchanga."

Wa mjini mkikuta mchanga kwenye dagaa mnadhani umetoka kwenye kuanika. Mwingine umetoka huko, ndiyo. Mwingine umetiwa, kwa koleo, maana ndoo inajaa upesi. Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukacheka mpaka mjukuu akaja kuangalia kuna nini. Kisha tukakaa kwenye hesabu kama watu wazima. Miaka minne, safari moja kila giza, safari 48. Ndoo 8 kila safari, lita 3 kila ndoo. Zikaja ndoo 57 na ushee. "Toa mchanga," akasema. Tukabishana juu ya mchanga kuliko tulivyowahi kubishana juu ya bei. Mwisho tukafika 30. Nitamlipia ndoo 2 za ziada kila giza, miezi 15.

Wengine hawakuwa kama yeye. Dada mmoja aliyekuwa akianika dagaa za wenzake kwa malipo alinitukana matusi ambayo sikuyasikia tena tangu nikiwa shule, akadai zote, na hana mchanga wa kutoa. Alikuwa na haki. Wawili walikuwa wamehama kisiwa. Mmoja alikuwa amekufa ziwani, na watu wake hakuna aliyenielekeza waliko. Hao sikuwalipa, na sioni nitawalipaje.

Tatizo ambalo sikulitarajia lilitoka kwa wenzangu. Baada ya siku ile wavuvi wakaanza kuja mwaloni na ndoo zao, wanamimina kutoka ya mnunuzi kwenda ya kwao mbele ya watu, kama alivyofanya Bibi. Wachuuzi wenzangu wakajua nani kafungua mdomo. "Umeokoka, tumefurahi. Sasa umetuvua nguo ili iweje?" Boti tuliyokuwa tukiikodi pamoja ikawa haina nafasi yangu. Yule mama mkongwe aliyenifundisha kuchemsha maji hakunisalimia karibu mwaka mzima. Kule Mwaloni hiyo si aibu tu, maana wenzako ndio wanaokulindia gunia ukienda kunywa chai, na ndio wanaokuambia mteja gani halipi.

Sasa nifike mahali ninapopataja kwa shida. Nilidhani Mungu atarudisha. Sikulisema kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa nimeshapanga: mimi nimetoa Shangazi, yeye atatoa kikubwa zaidi, na ushuhuda wake nilishaanza kuupanga maneno. Aprili ile mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Dagaa wangu walikuwa chini, wamekauka nusu. Tulikimbizana na maturubai usiku, haikusaidia. Wakabadilika rangi, wakaanza kutoa ile harufu ambayo kila mtu wa dagaa anaijua na kuiogopa. Magunia 11 yakaenda kuwa chakula cha kuku, kwa bei ambayo sitaitaja. Fedha iliyokuwemo humo ilikuwa ya mkopo.

Nilirudi nyumbani nikamsemesha Mungu jikoni, nikiwa nimesimama, kwa maneno ambayo mhazini wa umoja wa wanawake hatakiwi kuyajua. Nilimwambia kwamba nilipokuwa mwizi nilikuwa nalala nimeshiba. Nilimwambia mengine pia. Nilipochoka nikaketi kwenye kigoda, na kilichonijia pale hakikuwa faraja. Niliona kwamba nilikuwa nimemgeuza yeye kuwa Shangazi. Nilimpelekea uaminifu wangu nikitegemea kitumbo: niweke 20, nitoe 23. Mtoto wa watu aliponywa nikiwa naiba, mvua imenyesha nikiwa nimeacha. Ukizipanga hizo mbili pamoja hazikupi bei ya kitu chochote.

Mtoto wetu tulimtoa bweni tukampeleka shule ya kutwa ya serikali. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliuliza kwa nini nisingeanza kumcha Mungu baada ya yeye kumaliza kidato cha nne. Nilimjibu kitu, sikumbuki nini. Leo ni kijana mkubwa, ana kazi yake, tunaongea vizuri, lakini kuna mambo ambayo tukiyakaribia anabadilisha mazungumzo.

Juni ikaingia na Ramadhani. Nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hiyo mara moja ilikuwa uji. Sikumwambia mtu. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama wa Kiislamu, tulikuwa tukisalimiana tu, na mwaka uliotangulia tuligombana kidogo juu ya maji machafu. Siku ya pili ya mfungo, magharibi, mtoto wake akabisha hodi na sinia limefunikwa. Mihogo ya nazi, maharage, uji wa pilipili manga ndani ya chupa ya chai. "Mama anasema ni futari." Nikashukuru, nikajua ni desturi ya jirani, siku moja. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mfungo mzima hakukosa, na siku mbili alizochelewa nilijikuta nasikiliza miguu yake koridoni, mimi niliyekuwa natoa ushuhuda.

Siku kama ya kumi mume wangu alikuwa anamenya ganda lililobaki kwenye muhogo. Akatafuna, akasema, "Kumbe zaburi ina nazi."

Sijui kama niliwahi kuomba kwa kweli kabla ya jioni hizo. Nilikuwa sina cha kumkumbusha Mungu, sina rekodi ya kumwonesha, na chakula chenyewe kilipitia kwa mtu anayesali tofauti na mimi. Nilisema asante tu, kisha nikala. Siku ya Idi nikampelekea yule mama dagaa waliopembuliwa, sado mbili, hawana chembe ya mchanga. Akanicheka kwamba nimemletea dagaa siku ya pilau.

Deni la mkopo lilichukua karibu miaka miwili. Ndoo 30 za mzee nilizimaliza mwaka 2017, na ile ya mwisho alinifanyia sherehe, soda na samaki wa kuchoma. Bibi alifariki mwaka 2018 akiwa na macho yote mawili mazima, na wazee wenzake wa uamsho, wachache waliobaki, waliimba ubeti wao wa Kiganda kaburini hadi mchungaji akasogea pembeni. Biashara yangu ni ndogo kuliko ya 2015. Nanunua ndoo 25, wakati mwingine 30. Kuna wavuvi wanaoniuzia mimi kwanza, na dagaa wao ni wasafi, na mwenye kiosko cha chakula anayetaka wasafi ananitafuta. Kuna magiza pia ambayo sipati kitu, na hayo yakija tumbo langu bado linajikunja kama zamani. Shangazi yuko hai. Mume wangu anaoshea vipuri vya mashine humo, kwa mafuta ya taa.

Giza lililopita nilikuwa kisiwani. Mzee hana nguvu tena, anakaa mlangoni anapokea salamu, na yule mjukuu ndiye anayesimamia mzigo, sauti imekuwa nzito. Nikainama nikajaza ndoo, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaitikisa mara mbili ili dagaa washuke waingie wengine.

Kijana akaangua kicheko. "Mama," akasema, "usitikise."

Nikaimwaga kwenye turubai, nikaanza kuijaza upya.